Rula Imeumbuka: Safari 10 za Ndege Ambazo Kilomita Hazisemi Ukweli Wote

Uliza umbali wa mji wowote na mtu atakutajia kilomita. Kilomita! Kana kwamba utatembea kwa miguu. Abiria anakaa kwenye kiti, na kiti kinahesabiwa kwa saa.

Ndege kubwa ya abiria ikishafika juu hukata kama kilomita 900 kwa saa. Kwa hiyo hesabu ni nyepesi: gawa umbali kwa 900, ongeza nusu saa ya kupaa na kutua, umemaliza. Orodha hii ni ya safari zinazoikataa hesabu hiyo. Nimezipanga kuanzia ile inayoitii rula hadi ile inayoivunja vipande, na kigezo ni kimoja tu: pengo kati ya kilomita za ramani na muda unaokupita ukiwa njiani. Utabisha, na ubishe kweli. Lakini soma kwanza. Au ruka moja kwa moja hadi namba 1, kisha urudi juu kutafuta sababu ya kukasirika.

10. Singapore – New York

Tuanze na bingwa, tumweke mkiani. Hii ndiyo safari ya ratiba ndefu kuliko zote duniani bila kutua njiani: kama kilomita 15,300, saa 18 na ushee. Singapore Airlines huirusha kwa Airbus A350-900ULR yenye viti 161 tu, 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kawaida lililoboreshwa. Lile daraja letu la kubanana magoti halipo kabisa.

Mbona basi ni wa kumi? Kwa sababu ni mkweli mno. Gawa 15,300 kwa 18 na nusu, unapata kilomita 827 kwa saa. Rula na saa zinaelewana, hakuna kisa. Na kama sifa ni kukaa hewani, wazee walishamzidi zamani. Kati ya 1943 na 1945, vita vikiendelea, Qantas ilirusha Catalina, ndege za kutua majini, kutoka Perth hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, kwa saa 27 hadi 33 bila kutua. Abiria hawakuzidi watatu, na waliona jua likichomoza mara mbili ndani ya safari moja.

Hukumu: Mrefu wa kilomita, mfupi wa maajabu. Kombe abaki nalo, nafasi ya kwanza aisahau.

9. Paris – Saint-Denis, Réunion

Zaidi ya kilomita 9,300. Saa 11 hivi. Ndege inavuka Bahari ya Kati, inalivuka bara la Afrika, inaingia Bahari ya Hindi, inatua kwenye kisiwa kilicho mashariki ya Madagaska. Na kisheria abiria hajatoka Ufaransa. Réunion ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 1946. Pesa ni yuro, na Mfaransa anaingia na kitambulisho chake cha nyumbani.

Sasa linganisha na Dar es Salaam – Nairobi: kilomita 670 hivi, saa moja na robo angani, na bado utapanga foleni na hati ya kusafiria mkononi. Wenzetu wanasafiri kilomita 9,300 "ndani ya nchi", sisi tunavuka mpaka kabla soda haijaisha kwenye kikombe.

Na kama unafikiri hapo ndipo mwisho wa vituko vya Kifaransa, Machi 2020 Air Tahiti Nui ilitoka Papeete, mji mkuu wa Polinesia ya Kifaransa, hadi Paris bila kutua, kilomita 15,715, kwa sababu vizuizi vya korona viliifungia njia yake ya kawaida ya kupitia Los Angeles. Safari ya ndani ya nchi iliyompiku Singapore – New York kwa kilomita!

Hukumu: Umbali wa dunia, makaratasi ya mtaani.

8. Westray – Papa Westray

"Hivyo si miji, ni visiwa!" Sawa, nimekusikia, kaa chini. Hii ndiyo safari ya ratiba fupi kuliko zote duniani, huko Orkney, kaskazini mwa Uskoti: kilomita 2.7. Loganair inairusha tangu 1967 kwa ndege ndogo aina ya Islander inayobeba abiria wanaoenea kwenye Noah moja. Ratiba inasema dakika 2. Upepo ukiwa mzuri, hata dakika haiishi: rekodi ni sekunde 53.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, njia hii ingechukua sekunde 11. Kwa dakika zake 2, ndege inakwenda wastani wa kilomita 81 kwa saa, yaani mwendo wa basi la mkoani linaloogopa tochi ya trafiki. Kupaa na kutua ndiyo safari nzima. Katikati hamna kitu.

Kabla hujacheka, jua kwamba ndege hiyo hubeba walimu na wagonjwa, na bahari ya huko ikichafuka haina mzaha. Dakika 2 hizo ndizo zinazokifanya kisiwa kikalike.

Hukumu: Mkanda unafungwa kwa muda mrefu kuliko unavyotumika. Heshima yake ipo palepale.

7. Dar es Salaam – Zanzibar

Hapa ndipo marafiki huachana. Kwa ndege ni kama kilomita 75, dakika 20 angani. Kwa boti ya mwendo kasi, saa 2 hivi. Mtoto wa darasa la tatu atakwambia ndege imeshinda mara sita.

Basi mtoto huyo tumpandishe gari pale Posta. Uwanja wa Julius Nyerere uko kilomita 12 hivi kutoka katikati ya mji, na barabara ya Nyerere ina foleni zake. Anatakiwa afike mapema, akague mzigo, asubiri kuitwa. Anapaa, hata ukurasa wa gazeti hajaumaliza, anatua. Anasubiri begi, anatafuta teksi, anaingia Mji Mkongwe. Wakati huohuo mwenzake alitembea kwa miguu hadi bandarini, jirani na Kanisa la Mtakatifu Joseph, akapanda boti, akashukia Malindi, na sasa hivi anakunywa urojo.

Wanaougua bahari, najua mmeshanuna. Kusi ikipiga, mkondo wa Zanzibar unaweza kumtoa mtu kila alichokula tangu juzi, na siku hiyo ndege ni rehema. Lakini siku ya bahari shwari, anayeishi mjini na anayekwenda mjini hana sababu ya kupaa.

Hukumu: Dakika 20 za angani, asubuhi nzima ya ardhini. Boti imeshinda, rufaa inapokelewa kutoka kwa wenye kichefuchefu tu.

6. New York – London

Kilomita 5,540 kwenda, kilomita 5,540 kurudi. Kwa rula ni njia moja. Kwa saa ni njia mbili tofauti kabisa. Juu ya Atlantiki ya kaskazini kuna mkondo mkali wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda nao, unasukumwa. Ukirudi, unapigana nao, na safari inaongezeka kwa saa nzima au zaidi.

Februari 2020, dhoruba ya Ciara ilipoupandisha mkondo huo hasira, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Ukiipima kutoka ardhini, ilizidi kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja kizuizi cha sauti, kwa kuwa hewa yenyewe iliyoibeba ilikuwa mbioni.

Sasa habari ya kuumiza. Februari 1996 Concorde ilivuka njia hiyohiyo kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59. Kwa upande wa kurudi ilikuwa ikiondoka London saa 4:30 asubuhi na kutua New York saa 3:30 hivi asubuhi ileile, ikiwa imelikimbiza jua na kulipita. Mwaka 2003 ikastaafishwa: mafuta mengi, kelele nyingi, nauli ya kuuza shamba. Tangu hapo hakuna abiria anayenunua tiketi ya mwendo ule.

Hukumu: Njia pekee hapa ambayo babu alifika haraka kuliko mjukuu.

5. Nairobi – New York

Wakenya, shusheni bendera kwanza, tuongee. Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kwenda New York bila kutua, kwa Boeing 787-8. Kama kilomita 11,800, saa 15 hivi. Kurudi hupungua kwa karibu saa nzima, upepo ukiwa mgongoni. Kabla ya hapo ungelala kwenye viti vya uwanja wa Ulaya au Ghuba ukikumbatia begi, na siku nzima ingekatika.

Utamu wake uko kwenye saa ya ukutani. Ndege inaondoka karibu na usiku wa manane na kutua New York alfajiri ya usiku huohuo. Kwa saa ya ukutani umesafiri saa 7 tu. Mgongo wako unajua ni 15, na hakuna atakayeubishia.

Kuna jingine ambalo ramani haionyeshi: Nairobi iko juu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Mabawa na injini hupata shida kuibeba ndege iliyojaa mafuta ya saa 15. Baridi ya usiku huifanya hewa iwe nzito kidogo, na kila nyuzi inayoshuka ni msaada kwa rubani. Kutoka New York, uwanja ukiwa karibu usawa wa bahari, mzigo huo ni mwepesi zaidi. Kwa hiyo ukiona tiketi ya usiku usinung'unike. Baridi ileile inayokuvalisha koti ndiyo inayokunyanyua.

Hukumu: Fahari ya Afrika Mashariki, na mtihani wa kiuno. Pasi zote mbili.

4. Helsinki – Tokyo

Kilomita 7,800 hivi. Hadi mwanzoni mwa 2022, saa 9 na nusu. Baada ya Februari 2022, karibu saa 13. Miji haikuhama. Urusi iliivamia Ukraine, nchi za Ulaya zikazifungia ndege za Urusi anga lao, Urusi nayo ikalipiza. Anga la Siberia, lililokuwa njia ya mkato ya Finnair kwenda Asia, likafungwa.

Ikabidi ndege izunguke, ama kwa kusini, ama kwa kaskazini juu ya Ncha ya Dunia. Waliopita kaskazini walipewa cheti cha kwamba wamevuka Ncha. Ni kumbukumbu nzuri, lakini mama anayewahi msiba hana haja ya cheti. Ana haja ya zile saa 3 na nusu.

Na kinachonichoma zaidi ni hiki: mwaka 1983, enzi za Vita Baridi, Finnair ilianza kwenda Tokyo bila kutua ikipitia hukohuko Ncha ya Kaskazini, kwa sababu hiyohiyo ya anga lililofungwa. Miaka karibu 40 ya injini bora na kompyuta bora, na wakubwa walipogombana abiria akarudishwa kwenye njia ya 1983.

Hukumu: Hakuna bahari pana kama ugomvi wa majirani.

3. Lubumbashi – Kinshasa

Walushois, wenyeji wa Lubumbashi, njooni mbele, hii ni medali yenu ya shaba. Kati ya miji hii miwili ya nchi moja kuna zaidi ya kilomita 1,500 za anga. Ndege hutumia kama saa 2 na nusu. Unaondoka Lubumbashi saa 2:00 asubuhi, unafika Kinshasa saa 3:30, kwa sababu Kongo ina saa mbili tofauti na magharibi iko nyuma kwa saa moja. Hadi hapo ni raha tupu.

Sasa ondoa ndege. Hakuna barabara moja ya lami inayokupeleka moja kwa moja kutoka mji hadi mji. Njia ya wazee ilikuwa treni hadi Ilebo, kisha boti kwenye mto Kasai hadi Kinshasa, na safari hiyo huhesabiwa kwa wiki. Mwenye tiketi, saa 2 na nusu. Asiye nayo, wiki. Ni mji uleule, nchi ileile, bendera ileile.

Ndiyo maana Lubumbashi inatazama kusini. Lusaka, mji mkuu wa watu wengine, uko karibu zaidi kuliko mji mkuu wao wenyewe. Malori ya shaba yanatokea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unga wa mahindi unaingilia Kasumbalesa, na biashara nyingi hufungwa huko. Rula imechora mkoa wa Kongo. Barabara imechora kitu kingine. Mtu asikudanganye kwamba umbali ni jambo la maumbile. Umbali ni barabara ambayo haikujengwa.

Hukumu: Pengo kubwa kuliko yote katika orodha hii ni bei ya tiketi.

2. Apia – Pago Pago

Hapa shikeni kalenda. Apia ni mji mkuu wa Samoa. Pago Pago ni wa Samoa ya Marekani. Kati yao kuna kilomita 130 hivi na ndege hutumia kama dakika 40. Na saa zao zinapishana kwa saa 24 kamili. Unaondoka Apia Jumatatu saa 9:00 alasiri, unatua Pago Pago Jumapili saa 9:40 alasiri. Umefika jana.

Hili halikuwa hivyo siku zote. Mwishoni mwa 2011 Samoa iliuruka mstari wa tarehe ili siku zake za kazi zifanane na za Australia na New Zealand, inakofanya biashara. Waliolala Alhamisi tarehe 29 Desemba waliamka Jumamosi tarehe 31. Ijumaa ya tarehe 30 haikuwapo. Na kama vile haitoshi, mwaka 1892 walikuwa wamefanya kinyume chake, wakaisherehekea tarehe 4 Julai mara mbili.

Faida ziko wazi. Ukizaliwa Januari 5, kula keki Apia, panda ndege kesho yake asubuhi, kula nyingine Pago Pago siku ileile ya Januari 5. Hasara nayo iko wazi: ukirudi, unaikuta Jumatatu imekwisha nusu na bosi anauliza ulikuwa wapi.

Hukumu: Dakika 40 mbele, siku nzima nyuma. Wanaosema hii ilistahili kuwa ya kwanza wana hoja nzito. Wasome namba inayofuata, ndipo tupigane.

1. Muscat – Zanzibar

Ndiyo. Kama kilomita 3,900, saa 5 na kidogo kwa ndege isiyotua njiani. Kwa hesabu ya 900 inatoka vizuri kabisa. Basi imeshindaje?

Imeshinda kwa sababu njia hii ilishapimwa karne nyingi kabla ya ndege, na kipimo chake kilikuwa upepo. Jahazi liliteremka kutoka Omani na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwa wiki tatu au nne mambo yakienda sawa. Kurudi ilibidi lisubiri kusi, kuanzia Aprili. Hakuna nahodha aliyeweza kusema "nageuza kesho". Mtu aliyekuja kuuza tende na kununua karafuu alikaa miezi, atake asitake. Kwenda na kurudi kulikula sehemu kubwa ya mwaka.

Na miezi hiyo ya kusubiri ndiyo iliyofanya kazi. Ndani yake watu walioana, walikopeshana, walizikana, walifundishana kupika na kusali, wakapata watoto wenye mjomba Unguja na ami Muscat. Mtawala wa Omani, Seyyid Said bin Sultan, alihamishia enzi yake Zanzibar, akawa mtawala wa ncha zote mbili za njia, na mwaka 1856 akafia humohumo baharini akitoka Muscat kurudi Unguja. Biashara ya watumwa nayo ilipita kwenye upepo huohuo, na hesabu ya njia hii isiyoitaja ni hesabu ya uongo. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 wengi walivuka kurudi Omani, na leo ukiingia duka fulani la Muscat utasalimiwa Kiswahili na mtu ambaye bibi yake alizaliwa Unguja.

Sasa tazama pengo. Kilomita hazijaongezeka wala kupungua hata moja. Muda umeshuka kutoka msimu mzima hadi saa 5, chini ya usingizi wa usiku mmoja. Concorde ilipunguza saa chache. Hapa imepunguzwa miezi. Lakini saa 5 hazimpi mtu nafasi ya kujifunza hata maamkizi ya jirani wa kiti. Ndege imetupa haraka ya kutembeleana. Undugu wenyewe ulishonwa na ucheleweshaji. Bila upepo uliogoma kugeuka, pwani hii isingekuwa ilivyo.

Hukumu: Njia pekee hapa ambayo kuchelewa kwake kulizaa watu. Apia wamepata jana yao. Sisi tulipata mashemeji.

Haya, njoo tubishane

Najua malalamiko yanayokuja. Wapo watakaotaka Dar – Mbeya kwa basi, zaidi ya kilomita 800 na siku nzima ya mgongo, wakati Dar – Dubai ni karibu kilomita 4,000 kwa saa 5 na nusu. Hoja nzuri, ila basi halina mabawa, na orodha ni ya ndege.

Ninachokishikilia ni hiki. Siku ukiulizwa mji fulani uko mbali kiasi gani, toa jibu linalomsaidia msafiri: ni saa ngapi kutoka mlango hadi mlango, upepo unavuma upande gani, nani amefunga anga, na je, bei ya tiketi inafikika. Wenye mamlaka ya kupanga nauli, kujenga barabara na kufungua mipaka waulizwe maswali hayohayo, kwa sauti kubwa zaidi.

Wa Apia wakae kulia, wa Muscat wakae kushoto. Nani anaanza?